Pima Sahani Kabla ya Kupima Msuli

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nataka tasnifu yangu ya uzamili iwe juu ya lishe ya wanamichezo. Nianze na kipimo gani?" Ujumbe wake ulinikuta siku tatu tu baada ya jarida kunijulisha kuwa makala yangu imekubaliwa. Nilitokwa na machozi. Swali hilo hilo niliwahi kulijibu vibaya, na lilinigharimu miaka.

Mimi nilianza na sindano. Nilitaka kujua kama kinywaji cha wanga katikati ya mazoezi kinaokoa glaikojeni, ile akiba ya sukari iliyomo ndani ya msuli. Nilikuwa na washiriki 12, baiskeli ya maabara, na daktari wa kutoa vipande vya msuli. Paja hutiwa ganzi, ngozi hukatwa kidogo, sindano nene huzama, kisha hutoka kipande kisichofika ukubwa wa ncha ya kidole. Kipande kile hutumbukizwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, nayo huchemka ghafla na kufuka moshi mweupe. Siku ya kwanza kuuona moshi ule nilijiambia, sasa mimi ni mtafiti.

Chakula cha siku ya kabla ya kipimo sikukishughulikia. Niliwaambia washiriki, "Kuleni kama kawaida." Kumbe kawaida ya mmoja ni wanga tele, na mwingine alikuwa anapunguza uzito, wanga hagusi. Kabla hata hawajapanda baiskeli, akiba zao zilikuwa zimeachana mbali, na tofauti hiyo ikameza kila kitu ambacho kinywaji kingeweza kuonyesha.

Mhakiki wa jarida aliuliza swali moja tu: walikula nini saa 24 kabla? Sikuwa na jibu. Msimamizi wangu, ambaye utaratibu ule aliusoma na kuutia saini, aliniita mzembe mbele ya wanafunzi wenzangu. Nakiri bado linaniuma.

Lililoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwepo tangu zamani. Mwaka 1966, Jonas Bergström na Eric Hultman wa Sweden walijifanyia jaribio wenyewe: kila mmoja aliendesha baiskeli kwa mguu mmoja hadi ukachoka kabisa, mwingine ukipumzika, kisha wakala wanga kwa siku tatu. Mguu uliofanya kazi ulijaza akiba karibu maradufu ya ule uliopumzika. Mwaka uliofuata, wao na wenzao walionyesha kuwa watu wale wale, kwa kasi ile ile, walidumu kwenye baiskeli wastani wa dakika 114 baada ya chakula cha mchanganyiko, 57 baada ya mafuta na protini, na 167 baada ya wanga. Chakula tu! Mimi nilikuwa nimeusoma utafiti huo na hata kuutaja kwenye utangulizi wangu, halafu nikawaambia washiriki, "Kuleni kama kawaida."

Mara ya pili kila mshiriki alikunywa vinywaji vyote viwili, cha wanga na kisicho na wanga, kwa wiki tofauti, na chakula cha siku nzima nilimpimia kwa gramu na kumfungia kwenye makopo yenye jina lake. Mmoja alirudisha kopo lina mabaki, nikayapima, nikayaandika. Kuandika upya na kusubiri siwasimulii.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, na wengine mnaotaka kufika huku, pimeni sahani kwanza. Ukichunguza kreatini, ile kemikali ya nishati ya msuli inayopatikana pia kwenye nyama, uliza nani hali nyama, maana mwenye akiba ndogo ndiye anayeongeza zaidi. Ukichunguza protini, jua anayokula tayari: uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, uliokusanya majaribio 49, ulikuta kuwa zaidi ya takriban gramu 1.6 kwa kilo ya mwili kwa siku, nyongeza haikukuza msuli zaidi kwa wanaonyanyua vyuma. Ukimpa poda mtu aliyekwisha kuvuka hapo usipate tofauti, usiseme poda haifanyi kazi. Na msimamizi akikuambia chakula ni jambo dogo, mwombe akuandikie hivyo kwa maandishi.

Jedwali lako la chakula nitumie kabla hujaomba kibali cha maadili. Nitalisoma mstari kwa mstari.