Ile buluu si rangi ya kupaka

Umeuliza kama ile buluu kwenye mitutu ya bunduki za kale za Tula, mji wa Urusi, imepakwa. Hapana, ndugu yangu, ni chuma chenyewe. Chuma cha pua kikisuguliwa hadi kung'aa kisha kikapashwa moto polepole, hugeuka manjano, hudhurungi, zambarau, halafu buluu, karibu nyuzi joto 300 za Selsiasi. Fundi anachelewa kidogo tu, buluu inapauka na kazi inaanza upya! Mapambo ya dhahabu juu ya chuma hicho ndiyo yaliyopakwa: dhahabu ilichanganywa na zebaki, ikapakwa, zebaki ikafukuzwa kwa moto. Mvuke wake ni sumu, na walioushika moto huo walikuwa watu wenye mapafu kama sisi.

Kiwanda cha Tula kilianzishwa mwaka 1712 kwa amri ya Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, kutengeneza silaha za jeshi. Lakini bunduki hizi za mapambo zilikuwa za makasri.

Ukipata picha ya karibu, acha mtutu, tazama kitako. Nyuzi nyembamba za fedha zimelazwa kwenye vijia vilivyochongwa ndani ya mbao ya mjozi, zikagongwa taratibu hadi zikalingana na mbao. Mimi hapo ndipo ninapouona mkono wa fundi hasa.