Namba ya Kidoleni Haisemi Habari za Ubongo: Kwa Mnaoanza Dharura na ICU Kigoma

Wadogo zangu mnaoripoti zamu za dharura na ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) hapa Kigoma, kuna mgonjwa mmoja anayewachanganya wengi: yule ambaye moyo ulisimama, ukabonyezwa, ukarudi, lakini mwenyewe hajaamka. Mlangoni ndugu wanauliza, "Sista, ataamka?" Wewe unageuka kutazama kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kinasoma 97, unapata matumaini ya haraka.

Kipimo kile kinategemea mapigo. Moyo ukiwa umesimama, kinaonyesha namba za ovyo au hakionyeshi kitu. Ukirudi, kinakuambia kwamba meli ya oksijeni imetia nanga bandarini Kibirizi. Kama mzigo umefika nyumbani, yaani kwenye ubongo, hakijui. Na nyumba yenyewe ina walaji: ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni.

Zipo hospitali zenye kipimo kinachobandikwa kwenye paji la uso, kulia na kushoto. Kinatuma mwanga usioonekana kwa macho, unapita ngozi na fuvu, kisha kinasoma damu iliyo ndani ya ubongo ina oksijeni kiasi gani. Hakihitaji mapigo, ndiyo maana kinafanya kazi hata katikati ya CPR, yaani kubonyeza kifua na kupuliza hewa. Damu kinayoisoma nyingi ni ya mishipa ya vena, ile inayorudi moyoni, kwa hiyo namba yake inaonyesha kilichobaki baada ya ubongo kula. Kwa mtu mzima wa afya huwa kati ya 60 na 80 hivi.

Mwaka 2016 daktari mtafiti Sam Parnia na wenzake walitoa matokeo ya kipimo hicho kwa wagonjwa 183 waliosimama moyo wakiwa hospitalini, Marekani na Uingereza. Waliorudi mapigo walikuwa na wastani wa karibu 52, wasiorudi karibu 41. Waliotoka na akili timamu, wastani wao ulikuwa 56. Namba za makundi hayo ziliingiliana sana, kwa hiyo ukiona 40 usivue glovu ukaondoka.

Mimi kifaa hicho sijakishika wodini. Nawaelezea kwa sababu kinachoipandisha ile namba ni mikono yenu, na hiyo mnayo. Bonyeza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na uachie kifua kirudi chote. Godoro la sponji linakula nguvu yako, weka ubao chini ya mgongo. Mtazame mwenzako anayebonyeza: viwiko vikianza kukunjika amechoka, hata akisema bado yuko fiti. Badilishaneni kila dakika 2, na kusitisha kubonyeza kusizidi sekunde 10. Anayeshika ambu, ule mfuko wa kupulizia hewa, naye ana lake. Mkono wa woga hupuliza kama pampu ya baiskeli, kabonidayoksaidi inashuka, mishipa ya ubongo inasinyaa. Mgonjwa akishawekewa mpira wa hewa kooni, mara 10 kwa dakika zinatosha.

Aliyezama ziwani ni habari nyingine. Ubongo wake ulianza kukosa oksijeni kabla moyo haujasimama, kwa hiyo anza na pumzi 5 ndipo ubonyeze.

Moyo ukirudi, kazi inahamia kwenye presha, wastani wake usishuke chini ya 65. Oksijeni iwe 94 hadi 98. Msimwache kwenye mtungi uliofunguliwa mpaka mwisho eti ndiyo kumsaidia. Pimeni sukari, zuieni degedege, na homa msiizoee kwa vile huku malaria ni jambo la kila siku. Homa inaumiza ubongo uliokwisha kuumia.

Sasa lile swali la mlangoni. Mwongozo wa Ulaya wa 2021 unataka saa 72 zipite kabla ya kutabiri kwamba mgonjwa hatapona vizuri, na hata hapo ziwepo ishara mbili au zaidi. Ishara moja ni mboni zote mbili kutoitikia mwanga pamoja na jicho kutofumba ukiligusa kwa pamba. Namba ya paji la uso haimo katika orodha hiyo. Kama mgonjwa alipewa dawa za kulaza kama diazepamu au fenobabito, ngojeni iishe mwilini ndipo mpime.

Ndugu waliotoka Kasulu au Buhigwe wanataka kujua kama waandae gari la kumrudisha nyumbani. Waambie: "Moyo umerudi. Ubongo tutaupima siku ya tatu, na kila asubuhi nitawaeleza tulichoona." Mkubwa wao mpe kiti akae, ukimweleza koridoni amesimama, atakachokisikia ni "moyo umerudi" peke yake.

Na kwenye faili andikeni saa alipoanguka, saa CPR ilipoanza, saa mapigo yaliporudi, na kila dawa ya usingizi na kiasi chake. Daktari wa siku ya tatu huenda hakuwepo usiku huo.