Jibu: Roboti ya kufagia inanuka

Dada uliyeuliza mbona roboti yako ya kufagia ikianza kazi nyumba nzima yanuka tambara bichi, pole, hata mimi hapa Lamu ilinipata, karibu niitupe. Usikimbilie kupulizia pafyumu, utachanganya harufu mbili tu.

Kile kidebe cha taka kilicho ndani ya roboti kimwage kila siku si kila wiki, manake huku pwani unyevu mwingi, vumbi likikaa na nywele na chembe za wali lachacha humo humo ndani. Kioshe kwa sabuni na siki kidogo, ila kama kina mota au waya usikizamishe, futa tu. Mara nyingi mchawi ni filta, kile kichujio kinachonasa vumbi: ikung'ute nje, na kama kijitabu chake chasema yaoshwa, ioshe kwa maji matupu kisha iache ikauke saa 24 kamili, mimi niliirudisha bado ina umajimaji, harufu ikarudi mbaya kuliko mwanzo. Kama haioshwi nunua nyengine.

Halafu pindua roboti yenyewe, chomoa burashi, kata kwa mkasi zile nywele zilizojisokota, angalia na magurudumu. Yangu nilikuta huko mavi ya paka yashakauka (paka wa Lamu wawajua tena, waingia popote), nikasugua na mswaki mkuukuu mpaka basi.

Na kama yako yapiga deki pia, usiache maji kwenye tangi wala kitambaa kibichi usiku kucha. Beking soda nayo usiimwage zuliani ili roboti iifyonze, ule unga huziba filta.