Waziri wa Fedha wa Uingereza na meza ya kete

SWALI: Shikamoo Mzee. Bajeti ya Uingereza ikisomwa, nasikia waziri wao wa fedha akitajwa kwa cheo cha "Chancellor of the Exchequer". Cheo hicho kimetoka wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi nimekulia kwenye uhasibu tangu enzi za leja za mkono, kwa hiyo swali lako limenigusa.

Exchequer ilikuwa meza ya kuhesabia mapato ya mfalme, na ofisi ya hazina ikachukua jina lake. Katika miaka ya 1170 Richard FitzNeal, mtunza hazina wa Mfalme Henry II, aliandika kitabu cha Kilatini kueleza kazi ya ofisi yake. Meza ilikuwa na urefu wa futi 10 na upana wa futi 5, imezungushiwa ukingo wa vidole vinne hivi ili vitu visidondoke. Ilitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari, ikafanana na ubao wa sataranji, ambao Wafaransa wa zamani waliuita eschequier. Safu moja ilikuwa ya peni, nyingine ya shilingi, nyingine ya pauni, hadi maelfu. Sherifu aliyekusanya mapato ya mfalme jimboni alikaa upande mmoja, akitazamana na wakuu wa hazina. Kete za kuhesabia, zilizosimama badala ya fedha, zikapangwa: anazodaiwa juu, alizolipa chini.

Enzi hizo hesabu ziliandikwa kwa tarakimu za Kirumi (I, V, X), nazo ni taabu tupu kwa kutoa na kujumlisha. Kete je? Kila aliyeketi pale aliziona zikiondolewa. Mdaiwa kushuhudia deni lake likipungua mbele ya macho yake, huo kwangu ndio uhasibu wenyewe.

Risiti ilikuwa kijiti kilichokatwa pengo: upana wa kiganja kwa pauni 1,000, wa kidole gumba kwa 100. Kikapasuliwa kwa urefu, kila upande ukabaki na nusu yake, na hakuna aliyeweza kughushi nusu ya mwenzake. Vijiti hivyo vilipochomwa kwenye matanuri ya Bunge mwaka 1834, moto uliteketeza jengo karibu lote.

Chancellor, kwa asili, ni karani aliyekaa kwenye kizuizi cha mahakama ya Kirumi. Kwenye Exchequer alitunza muhuri, chini ya Mtunza Hazina Mkuu. Tangu 1714 nafasi ya mkubwa huyo imeshikwa na jopo badala ya mtu mmoja, na yule mtunza muhuri ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wa fedha za nchi. Mwaka 2024 Rachel Reeves akawa mwanamke wa kwanza kukishika cheo hicho.