Wasomaji Wanauliza: Saikloni ya Kunyonya Vumbi kwa Karakana ya Nyumbani

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mtumishi wa umma niliyehamishiwa Dodoma, na kwa miaka miwili sasa ninatengeneza samani katika chumba cha mita 4 kwa 5 kilicho uani kwangu, Ilazo. Nina msumeno wa meza, mashine ya kuranda na mashine ya msasa, na mbao zangu nyingi ni mninga na mtiki. Vumbi limenishinda. Mke wangu analikuta juu ya nguo alizoanika, nami huamka kila asubuhi na mafua yasiyokwisha. Dukani nimeonyeshwa mashine mbili za kunyonya vumbi: moja ni ya mifuko, ina mota ya nguvu farasi 3 na tundu la inchi 4, nyingine ni ya saikloni, ina nguvu farasi 2 na tundu la inchi 6, na bei yake iko juu zaidi. Shemeji yangu aliyeko Marekani naye ameahidi kunitumia saikloni yake aliyoitumia huko. Nichague ipi?
Msomaji wa Ilazo, Dodoma

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Chukua saikloni ya inchi 6, na uifunge nje ya chumba. Ya shemeji ipokee kwa shukrani, lakini usiitegemee kabla hujasoma kibati cha mota yake. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu hili linagusa mapafu yako na ya watu wa nyumbani kwako.

Maranda yanayoanguka sakafuni hufagiliwa yakaisha. Linalodhuru ni vumbi la chini ya mikroni 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, ambalo likiwa hewani jicho halilioni, kwani unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Na vumbi hilo huendelea kuelea kwa saa nyingi baada ya msumeno kuzimwa. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na vishimo vyake. Unga wa mninga unajulikana pia kwa kuwasha pua na ngozi, na kwa baadhi ya watu huamsha pumu. Kwa hiyo mafua hayo nenda ukayaonyeshe kwa daktari, na umwambie waziwazi kwamba unapasua mbao, kwa maana asipoambiwa huenda akayadhania kuwa ya vumbi la barabarani tu.

Sasa tuje kwenye mashine. Sisi wa Dodoma tunakijua kisulisuli cha kiangazi, kinachoinuka uwanjani na kuzungusha vumbi na mifuko ya nailoni. Saikloni huzungusha hewa vivyo hivyo, ila ndani ya bati. Hewa yenye vumbi huingia kwa ubavu juu ya pipa la duara, ikazunguka kwa kasi ikifuata ukuta. Kila kilicho kizito hutupwa ukutani, kikateleza kwenye koni hadi kwenye pipa la taka lililo chini, na hewa iliyobaki hupanda katikati kupitia bomba la ndani na kwenda kwenye feni. Faida yake kubwa ni kwamba taka huanguka kabla ya kufika kwenye feni na kichujio. Katika mashine ya mifuko kila kitu hupita kwenye feni na kuishia kitambaani, kitambaa kinajaa unga, hewa inapungua, na baada ya nusu saa ya kuranda mashine uliyoinunua kwa nguvu farasi 3 inanyonya kwa unyonge kabisa. Tena mifuko mingi ya bei nafuu huzuia chembe za mikroni 30 kwenda juu tu, na zile zinazodhuru hupita na kurudishwa chumbani kwako zikiwa zimesambazwa vizuri zaidi kuliko awali. Mashine ya namna hiyo husafisha sakafu na kuchafua hewa, nami siwezi kumshauri mtu mwenye familia ainunue.

Nguvu farasi zilizoandikwa kwenye mota zisikubabaishe. Swali la kumuuliza muuzaji ni hewa kiasi gani itapita kwenye bomba baada ya kufungwa, wala si ile inayopimwa feni ikiwa wazi bila bomba wala kichujio, ambayo ndiyo mara nyingi huandikwa kwenye boksi. Ili maranda yasilale njiani, hewa inapaswa kwenda kwa kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo bomba la inchi 4 hupitisha mita za ujazo 580 hivi kwa saa, na la inchi 6 hupitisha zaidi ya 1,300. Tofauti hiyo huwezi kuifidia kwa mota, kwa sababu msuguano hupanda kwa mraba wa kasi: ukitaka hewa maradufu katika bomba lile lile, unahitaji msukumo wa mara nne. Nimeona watu wakinunua mota kubwa na kuifunga kwenye bomba jembamba, kisha wakilaumu umeme.

Kuhusu ya Marekani, umeme wa kule una mizunguko 60 kwa sekunde na wetu una 50. Kigeuza volti kitakupa volti 110 kutoka kwenye 230 zetu, lakini mizunguko hakiibadilishi. Mota iliyokuwa ikizunguka mara 3,450 kwa dakika itashuka hadi 2,875 hivi. Kiasi cha hewa kitashuka kwa sehemu moja kati ya sita, na msukumo utashuka hadi asilimia 69 ya ule wa awali. Mota yenyewe pia inaweza kupata moto kupita kiasi kama haikutengenezwa kwa mizunguko 50. Ukiipokea, tumia pipa lake la saikloni, na mota na feni uzitafute hapa.

Liko jambo jingine ambalo muuzaji wa Dar es Salaam hatakuambia. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Feni itazungusha ujazo ule ule, lakini msukumo wake utapungua kwa kiasi hicho. Kwa hiyo kama unasitasita kati ya feni mbili za saikloni, chukua yenye panga za kipenyo kikubwa zaidi, mradi mota inaimudu.

Nimesema uifunge nje, na hapa nakwenda kinyume na wanavyofanya wengi Ulaya na Marekani. Wao hulipia joto la chumba wakati wa baridi, hivyo hawataki kulitupa nje pamoja na vumbi, ndiyo maana hununua vichujio vya gharama kubwa ili hewa irudi ndani. Sisi hatuna joto la kutunza. Saikloni ikiwa nje, chini ya kibanda cha bati kinachoikinga na jua na mvua za Desemba hadi Aprili, pumzi yake hutoka moja kwa moja angani, kelele hupungua chumbani, na fedha ya kichujio inabaki mfukoni. Ifunge upande wa magharibi wa chumba, kwa kuwa upepo wetu wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na upandishe bomba la kutolea hewa lipite usawa wa paa. Hata hivyo, saikloni haikamati kila chembe, na kama ukuta wa jirani uko mita mbili tu upande huo, au dirisha la watoto linaelekea huko, ni wajibu wako kununua kichujio kizuri cha kukunjwakunjwa, kinachozuia chembe za mikroni moja au chini ya hapo, hata kama kitakuumiza mfuko. Kamba ya nguo za mama nayo ihamie mashariki.

Ukitoa hewa nje, lazima nyingine iingie. Chumba chako, kikiwa na dari ya mita 3, kina mita za ujazo 60. Mashine itakitoa hewa yote zaidi ya mara 20 kwa saa. Ukifunga mlango na madirisha ili vumbi lisitoke, saikloni itakosa cha kunyonya. Acha dirisha la mashariki wazi wakati wote wa kazi.

Bomba la inchi 6 la PVC la maji taka linapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na linafaa. Lifikishe kwa upana huo huo hadi karibu kabisa na mashine. Palipo na kona, tumia elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90. Hozi ya kukunjika iwe fupi kadiri iwezekanavyo, maana mikunjo yake ina msuguano wa mara mbili hadi tatu wa bomba laini. Kwenye kila tawi weka kibao cha kuteleza cha kuziba mashine isiyotumika. Katika hewa kavu ya Dodoma bomba la PVC hujenga umeme tuli unaochoma vidole, kwa hiyo pitisha waya wa shaba mtupu juu yake na uuunge na ethi. Msumeno wa meza unahitaji kunyonywa chini na juu ya meno, kwa sababu meno ndiyo yanayorusha unga kuelekea usoni pako.

Pipa la taka lizibwe kabisa. Hili nilijifunza kwangu mwenyewe. Saikloni yangu ya kwanza ilinyonya vizuri, lakini kila nilipofungua pipa nilikuta taka haba, na kichujio kilikuwa kimejaa unga mwekundu wa mninga, laini kama sembe. Nilizunguka wiki nzima nikikisia. Mwishowe niliwasha ubani kwenye chetezo, nikauzungusha taratibu kwenye mdomo wa pipa mashine ikiwa inaunguruma. Sehemu moja moshi ulijipinda ghafla ukaingizwa ndani, mahali ambapo kucha yangu haikuweza kupenya. Nafasi hiyo ilikuwa ikiingiza hewa chini ya koni na kuyapandisha tena yaliyokwisha kuanguka. Ukanda wa mpira na silikoni viliimaliza siku ile ile.

Kwa upande wa umeme, mota ya nguvu farasi 2 itakula yuniti mbili hivi za LUKU kwa saa, na inapoanza huvuta mkondo wa mara tano hadi saba wa kawaida. Mwite fundi umeme akuwekee laini yake peke yake kutoka kwenye ubao mkuu, na uiwashe kwanza kabla ya msumeno, usiviwashe pamoja. Cheche za jiwe la kunolea zisiingie kwenye saikloni hata siku moja, kwani unga mkavu wa mbao ndani ya pipa huwaka kwa kishindo.

SWALI: Mimi ni fundi seremala huku Mpwapwa. Uwezo wa kununua saikloni ya dukani sina, lakini jirani yangu ni fundi bati hodari. Je, anaweza kunitengenezea, na kwa vipimo gani?
Msomaji wa Mpwapwa

JIBU: Anaweza, na ikitengenezwa kwa uangalifu haitaona haya mbele ya ile ya dukani. Wahandisi wana uwiano wa siku nyingi unaohesabiwa kutokana na kipenyo cha pipa. Kwa bomba la inchi 6, pipa la kipenyo cha sentimita 40 linatosha: sehemu ya duara iwe na urefu wa sentimita 80, na koni sentimita 80 nyingine, tundu la kuingilia liwe la mstatili, kimo sentimita 20 na upana 10, likigusa ukuta wa pipa kwa ubavu, bomba la katikati liwe la kipenyo cha sentimita 20, nalo lishuke ndani kupita kidogo ukingo wa chini wa tundu la kuingilia. Uwiano huo unaipa koni mdomo wa chini wa sentimita 10, lakini ulikusudiwa kwa unga. Maranda marefu ya randa yataukaba, nami ningeupanua hadi 15.

Pima kimo kabla ya kukata bati. Sentimita 160 za saikloni juu ya pipa la lita 200, lenye kimo cha sentimita 88 hivi, ni karibu mita 2 na nusu, na feni bado haijakaa juu yake. Bati la kuezekea la geji 30 ni jembamba mno, mvuto utalikunja. Mwambie jirani atumie la geji 24, ambalo ni nene zaidi. Ndani viungo viwe laini, kwa sababu kila ukingo unaojitokeza huvunja mzunguko wa hewa. Feni iwe ya kunyonya yenye panga za chuma ndani ya nyumba yake yenye umbo la konokono. Feni ya pangaboi au ya dirishani haiwezi kazi hii.

SWALI: Ninafanya kazi ya msasa tu, kurudishia rangi milango na vitanda vya zamani. Je, ninahitaji mashine kubwa hivyo?
Msomaji wa Singida mjini

JIBU: Huihitaji. Mashine ya msasa ya mkono ina tundu dogo, na tundu dogo linataka mvuto mkali wa hewa kidogo, ambao mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi la nyumbani inao. Katikati yao weka saikloni ndogo ya plastiki juu ya ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana, na mfuko wa mashine utakaa miezi kabla ya kujaa. Pachika ndoo ya pili nje ya ile ya kwanza ili kuipa nguvu, maana hozi ikiziba mvuto huibonyeza ndoo moja ikakunjamana. Kwenye rangi ya zamani sana kunaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hivyo vaa barakoa ya P100 muda wote wa kusugua na unapomwaga ndoo, mwage nje watoto wakiwa mbali, na nguo za kazi usizikung'ute ndani ya nyumba.