Kabla ya kufungua hukumu ya London, fungua katiba ya kisiwa

Wiki yangu ya tatu kazini nilipewa kazi ya kurasa mbili: je, adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inaweza kupingwa Trinidad na Tobago? Nilikuwa karani wa utafiti katika ofisi ndogo ya mawakili London, inayopokea rufaa za visiwani, na nikajiona nimepata mteremko. Nikaichukua kesi ya Reyes ya mwaka 2002, kutoka Belize, ambako Kamati ya Mahakama ya Privy Council, mahakama ya mwisho ya rufaa hizo iliyoko London, ilisema kumhukumu mtu kifo bila jaji kupewa nafasi ya kumwangalia yeye na mazingira ya kosa lake ni unyama usiokubalika kikatiba. Mahakama ni ile ile, kosa ni lile lile. Nikaandika kwa kujiamini: inapingika.

Mkuu wangu, mama wa Kijamaika ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi, aliisoma hadi mwisho. Akauliza swali moja tu.

"Katiba ya Trinidad umeifungua?"

Sikuwa nimeifungua.

Katiba ile, ya mwaka 1976, ina kifungu kinachozikinga sheria za zamani zisipimwe kwa haki za msingi. Belize nayo ilikuwa na kinga ya namna hiyo, lakini ya miaka mitano tu tangu uhuru wa 1981, kwa hiyo ilikwisha zamani. Ya Trinidad haina mwisho. Mwaka 2003, katika kesi ya Roodal, jopo dogo lilijaribu kuizunguka. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Matthew, wakakaa majaji tisa, wakagawanyika 5 kwa 4, na adhabu ikabaki pale pale, ingawa wengi hao walikiri kwamba haipatani na haki zilizoandikwa katika katiba hiyo hiyo. Mwaka 2022, katika kesi ya Chandler, jopo jingine la tisa likarudia: mwenye kuibadilisha ni Bunge la Trinidad. Kurasa zangu mbili zikaenda kapuni.

Nawaandikia ninyi mnaoanza, iwe mko chuoni mnaandika tasnifu ya sheria linganishi, au mmepata nafasi ya mafunzo kwenye ofisi kama ile. Wengi huja na picha niliyokuja nayo mimi: mahakama moja ya mwisho, juu kabisa, inateremsha sheria moja kwa wote walio chini. Siyo. Ni mahakama moja ya mwisho kwa nchi nyingi, na kila rufaa inapoingia, majaji hugeuka kuwa mahakama ya nchi ile. Asubuhi wanaweza kuwa mahakama ya juu ya Bermuda, kesho yake ya Mauritius, ambako sheria ya mali na mikataba imetoka Ufaransa. Nguo zao hazikusaidii kujua, maana huvaa suti za kawaida bila joho wala wigi.

Kamati hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1833, na tangu 2009 iko katika jengo moja na Mahakama ya Juu ya Uingereza, mkabala na Bunge. Majaji kwa kawaida ni wale wale, na hapo ndipo mgeni huchanganyikiwa. Uamuzi wake kwa rufaa ya visiwa vya Cayman haubani mahakama za Uingereza. Una nguvu ya ushawishi tu, na nafasi finyu ya majaji kutamka kwamba uamuzi fulani uwe sheria ya Uingereza pia iliwekwa wazi mwaka 2016 katika kesi ya Willers. Kwenye nukuu angalia herufi: UKPC ni hii, UKSC ni ile nyingine. Nimeona tasnifu nzima imejengwa juu ya kuchanganya herufi mbili hizo.

Wanaoitumia ni wa makundi tofauti. Yapo maeneo ya ng'ambo ambayo bado yako chini ya Uingereza: Bermuda, Cayman, Anguilla, Montserrat, Gibraltar, Saint Helena na wenzao. Zipo nchi huru zilizoamua kubaki, kama Jamaika na Bahamas. Trinidad ndiyo ya kuchekesha kidogo: Mahakama ya Haki ya Karibiani, iliyoanza kazi 2005 ili kuchukua nafasi ya London, makao yake yako Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad, na bado rufaa za mwisho za Trinidad zinavuka bahari. Rufaa za mwisho za Barbados, Guyana na Belize sasa huenda huko. Wananchi wa Grenada na Antigua waliulizwa kwa kura ya maoni 2018, wakakataa.

Msidhani pia kila jambo la kisiwa linaishia kwenye Kamati hii. Wachagosi, watu wa visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi waliofukuzwa kwao, walipopinga kuzuiwa kurudi, kesi yao ilifunguliwa katika mahakama za Uingereza, ikaishia Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, mwaka 2008. Jiulize kesi ilianzia mlango gani ndipo utajua itaishia wapi. Ya Visiwa vya Virgin vya Uingereza huanzia Tortola, ikapita Mahakama ya Rufani ya Karibiani ya Mashariki, ndipo ikafika London. Ndivyo ilivyopita kesi ya Broad Idea ya 2021 kuhusu amri za kuzuia mali, ambayo mawakili wa biashara duniani kote wanaisoma. Hata Pitcairn, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki chenye wakazi kama 50, ilifika London 2006, pale wanaume waliotiwa hatiani kwa makosa ya ngono walipodai kwamba sheria ya Uingereza haikuwahusu. Walishindwa.

Sasa niwaambie kwa nini kosa langu halikuniumiza sana. Mahakama yenyewe iliwahi kulifanya, tena kwetu. Mwaka 1894, katika rufaa kutoka Bengal, ilisema wakfu wa familia, ule mtu anaowawekea wanawe na vizazi vyao huku maskini wakitajwa mwisho kabisa, ni batili. Waislamu wa India walilalamika hadi ikatungwa sheria ya kuuhalalisha mwaka 1913. Miaka karibu sitini baada ya uamuzi ule, shauri la Bakhshuwen likatoka Kenya kupitia Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Pwani hii ina mafakihi wake wa Kishafii, na wakfu wa aina hiyo ulikuwa jambo la kawaida majumbani. London ikachukua uamuzi wa Bengal, jimbo la Wahanafi, madhehebu mengine, ikautumia vile vile. Ilibidi watunga sheria wa Kenya waingilie kati kuuhalalisha. Ukitaka kuelewa kwa nini wazee wetu hawakulia sana rufaa za London zilipofutwa baada ya uhuru, anzia hapo. Ongeza na ombi la Kenyatta la kukata rufaa baada ya Kapenguria, lililokataliwa 1954.

Lakini hukumu za Kamati hazikufutika huku. Pratt na Morgan, ya Jamaika, 1993, ilisema kumweka mtu akisubiri kitanzi zaidi ya miaka mitano kunaweza kuhesabiwa kuwa adhabu ya kinyama au ya kudhalilisha. Mahakama ya Juu ya Uganda iliisoma hiyo katika kesi ya Kigula mwaka 2009, ikaweka miaka mitatu. Angalia walivyofanya: waliifungua katiba ya Uganda kwanza, Jamaika ikaja kama msaada.

Kwa upande wa kazi za vitendo, jambo linalowaangusha wengi ni ukweli wa kesi. Kama mahakama mbili za chini zimekubaliana kuhusu kilichotokea, Kamati haigusi, isipokuwa kwa sababu za nadra sana. Msimamo huo umeelezwa katika kesi ya Devi, 1946. Mteja atakulilia kwamba shahidi alidanganya. Msikilize, kisha tafuta hoja ya sheria, maana ya shahidi ilishaisha kisiwani. Kumbukumbu za rufaa zihesabu ukurasa kwa ukurasa wewe mwenyewe. Niliwahi kukuta maelezo ya shahidi yameruka kutoka ukurasa wa 212 hadi 214, siku mbili kabla ya kuwasilisha. Nikakimbilia simu saa nne asubuhi nikamwamsha karani wa Tortola. Kule ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Alinisamehe, na ukurasa ukaja.

Mama yule wa Kijamaika hakunirudishia kurasa zangu mbili. Jioni ile nilikuta mezani kwangu nakala ya Katiba ya Trinidad, kifungu cha sita kimepigiwa mstari kwa penseli, na chini yake ameandika: "Rudia kesho."