Ukimpenda Chalamet, msikie kwa sauti yake mwenyewe

Wadogo zangu, najua mnavyompenda mwigizaji Timothée Chalamet, maana hata mimi nampenda. Tukikutana Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, Jumapili mchana mabishano ni yaleyale: yupi zaidi, yule wa filamu ya Dune au yule wa Wonka? Wazee wanasema tunapoteza muda kwa mtu asiyejua hata kama Lubumbashi ipo. Wacha waseme. Kupenda kazi ya mtu anayeifanya vizuri kunakufundisha kuona uzuri, na hilo halina hasara.

Ila kuna jambo nawaomba mlisikilize. Filamu nyingi tunazopakiwa kwenye flashi hapa mjini zimetiwa sauti za Kifaransa. Midomo ni ya Chalamet, lakini anayesema ni mtu mwingine aliyekaa studio. Kwa waigizaji wengine pengine hupotezi sana. Kwake unapoteza nusu ya kazi. Huyu ni mtu wa kunong'ona, wa kuanza sentensi na kuiacha, wa kumeza neno la mwisho kana kwamba limemtia aibu. Anayemtia sauti, hata awe fundi wa namna gani, anakimbizana na midomo. Hawezi kusita kila mahali mwenzake aliposita.

Kwa hiyo mwambie anayekupakia akutafutie ile ya Kiingereza yenye maandishi ya Kifaransa chini. Kiingereza chako kikiwa kidogo, usijali. Mwanzoni macho yatachoka kupanda na kushuka, halafu yatazoea, na utashangaa unasikia uchungu au uongo kwenye sauti kabla hujasoma maneno yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni A Complete Unknown, ya mwaka 2024, ambamo anaigiza ujana wa mwanamuziki Bob Dylan. Nyimbo zile aliziimba mwenyewe, na gitaa na harmonika alijifunza kwa miaka mingi kabla ya kamera kuwashwa. Sasa itazame ikiwa imetiwa Kifaransa: akiongea ni mtu mmoja, akiimba ni mwingine. Itazame kwa sauti yake na utaona jinsi alivyotafuta namna ya kuongea inayofanana na namna ya kuimba, ile sauti ya puani, ya kijana asiyetaka kueleza mambo yake.

Kisha rudini kwa Dune, ile ya 2021 na ile ya 2024, zote za Denis Villeneuve. Sisi wa hapa tunaielewa hadithi hii bila kuelezwa. Sayari ya jangwa ina mali ambayo kila mkubwa anaitaka. Wageni wanakuja na mitambo, wanachimba, wanabadilishana utawala, na wenye ardhi wanabaki kuhesabu maji. Aliyekulia akiona bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba hahitaji mtu wa kumfafanulia. Lakini fuateni na sauti ya Paul, kijana anayeigizwa na Chalamet. Katika filamu ya kwanza ni mtoto wa watu wakubwa, anasema taratibu, anamsikiliza mama yake. Katika ya pili, anaposimama mbele ya viongozi wa kusini, ile sauti ndogo inageuka ngurumo. Mimi pale naogopa, na nadhani ndivyo inavyotakiwa: kijana tuliyempenda amekuwa mtu wa kuogopwa, na tumesikia akibadilika.

Mkiwa na muda, mtafuteni pia pale asipokuwa shujaa. Katika Interstellar ya 2014 yeye ni Tom, mtoto wa mkulima, kijisehemu kidogo tu. Angalieni baba akiwa mbali angani, anafungua ujumbe wa video kutoka nyumbani. Anayeonekana kwanza ni Chalamet, anampasha baba habari za shule na za msichana aliyempata, kwa furaha ya kitoto. Muda si mrefu, katika ujumbe wa miaka ya baadaye, Tom anarudi akiwa na uso wa mwigizaji mwingine, mtu mzima, na baba analia. Kilio kile kisingetuuma hivyo kama yule kijana wa kwanza hangekuwa mwepesi na mchangamfu namna ile.

Na mkitaka kumsikia akisema Kifaransa chake cha kweli, mahojiano yapo. Baba yake ni Mfaransa, mama yake Mmarekani, na yeye alizaliwa New York mwaka 1995. Akihojiwa na televisheni za Ufaransa hujibu kwa Kifaransa. Hapo ndipo mtajua jinsi sauti mliyozoea kwenye flashi isivyofanana na yake. Dakika kumi za mahojiano hayo hazili mega nyingi kama kushinda mnapitia umbea wa nani anatembea na nani.

Neno moja kwa wale wanaofuata kurasa za mashabiki: akaunti ikikuandikia kwamba ni Chalamet, kisha ikaomba pesa au picha zako, huyo ni mwizi. Funga, mwambie mkubwa wako, basi.

Sikio likishazoea, mpeni nafasi Marc Zinga, mzaliwa wa Likasi, katika Augure, filamu ya mwongozaji Baloji, aliyezaliwa hapahapa Lubumbashi. Filamu hiyo ilipata tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023. Zinga naye ni mtu wa sauti ya chini: anaigiza mwanaume anayerudi kwa familia isiyomtaka, na kila salamu anayoitoa ina woga ndani yake. Kwetu tuliitazama mara mbili, ya pili tukiwa tumekatazana kuongea hadi mwisho. Fanyeni hivyo na hizi nyingine pia, mabishano ya Katuba yaanze baadaye.